Pete ya Kwanza kwa Jiwe Lisilochongwa

Dalali wa madini anapofungua karatasi yake mezani, macho ya mnunuzi hukimbilia mawe safi, yale yanayopitisha mwanga bila doa. Hayo ndiyo yatakayopimwa kwa karati na kubishaniwa bei. Mengine, yenye ufa, yenye ukungu ndani, madogo mno au yenye umbo lisilokatika vizuri, husukumwa pembeni kwa ncha ya kidole. Arusha nzima inajua habari za Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mererani ambaye Juni 2020 aliiuzia serikali vipande viwili vya tanzanite, kimoja cha kilo 9.27 na kingine cha kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Habari za mawe ya pembeni hakuna anayezisimulia.

Makala hii ni ya mawe hayo, na ya mtu ambaye hajawahi kuwasha kichomeo cha gesi lakini anatamani kutengeneza pete ya madini ya fedha kwa mikono yake. Ninaamini wawili hawa wanafaana kuliko inavyodhaniwa. Anayejifunza usonara mara nyingi huambiwa aanze na kito kilichokatwa, cha duara, chenye kipimo kinachojulikana, kwa kuwa kikalio chake, yaani sehemu ya pete inayokishika, kinanunuliwa tayari. Kwangu huo si mwanzo mzuri. Kito kilichokatwa hakisamehe: kikalio kikizidi nusu milimita kito kinacheza, kikipungua hakiingii. Na kwa kuwa vipimo vyote vimeshaamuliwa kiwandani, mkono wa mwanafunzi haujifunzi kuamua lolote. Jiwe ghafi halina kipimo cha dukani. Fedha haina budi kulifuata, na kabla ya kulifuata, anayetengeneza hana budi kulitazama hadi alijue.

Na ya kutazama yapo mengi. Ganeti iliyokua bila kubanwa na mwamba hutoka na nyuso 12, kila uso ukiwa na umbo la uru ya karata. Spineli hutoka na nyuso nane, piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako, laini kiasi kwamba asiyejua huapa kuwa zimepitishwa kwenye gurudumu la kung'arishia. Rubi na safaya hupenda pande sita. Hakuna fundi aliyezichonga; ndivyo chembe zake zilivyojipanga zilipokuwa zikikua chini ya ardhi. Kulikata jiwe la namna hiyo ili kupata kito kidogo chenye kasoro ni hasara mara mbili, maana unapoteza uzito na unapoteza umbo ambalo mashine haiwezi kulirudisha.

Tanzania imejaliwa kwa hili. Mwaka 2007 Mahenge, wilayani Ulanga, iliingia katika vinywa vya wafanyabiashara wa vito duniani baada ya kupatikana spineli kubwa za rangi ya waridi iliyokolea, na mpaka leo vipande vidogo vya huko hutoka vikiwa na ncha zake zote. Bonde la Mto Umba, mkoani Tanga, linajulikana kwa safaya za rangi nyingi na kwa ganeti. Tunduru mawe huchimbwa kwenye mchanga na changarawe za mito, hivyo huja yakiwa yameviringika, bila pembe, na kwa anayeanza haya ni rahisi zaidi kuyashika kwa fedha. Upande wa Kenya, Taita Taveta ina ganeti ya kijani iitwayo tsavorite, ambayo Campbell Bridges aliikuta kwanza Tanzania mwaka 1967 kabla ya kuipata Kenya miaka michache baadaye.

Si kila jiwe, hata hivyo, linafaa kidoleni. Pete hugonga meza, mlango, sufuria na usukani. Ugumu wa vito hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10, almasi ikiwa 10. Jambo la kukumbuka ni namba 7, kwa sababu ndiyo ya kwatzi, na vumbi la kawaida la barabarani limejaa chembe za kwatzi. Jiwe lililo chini ya 7 litakwaruzwa na vumbi lenyewe kila linapofutwa kwa kitambaa kikavu. Ganeti iko kati ya 6.5 na 7.5 kutegemea aina, spineli 8, rubi na safaya 9. Tanzanite iko kati ya 6 na 7, na ina udhaifu mwingine mkubwa zaidi: kuna upande mmoja ambao ikigongwa hupasuka wazi, na haipendi kubadilishiwa joto ghafla. Ninaipenda tanzanite kama Mtanzania yeyote anavyoipenda, ila sitamshauri anayeanza aiweke kwenye pete. Aiweke kwenye kidani au hereni, mahali pasipogongwa, na hata huko asubiri mpaka mkono wake uzoee.

Kuna kigezo kingine ambacho wauzaji hawakutajii kwa sababu hakiwahusu. Jiwe la pete linahitaji tumbo. Liweke mezani, liinamie hadi jicho liwe usawa wake, kisha ulizungushe taratibu. Ukiona limepanuka karibu na chini halafu linapungua kuelekea juu, hilo litashikika, kwa kuwa ukuta wa fedha utaliinamia pale linapoanza kupungua na halitapata njia ya kutoka. Ukiona linazidi kupanuka kuelekea juu, hakuna ukuta utakaolizuia. Ama ulipindue, ama ulishike kwa makucha, au uliache. Kitako kikiwa na nundu, unaweza kukisugua juu ya msasa mgumu uliolowa hadi kitulie. Usisugue jiwe likiwa kavu hata mara moja. Vumbi la mawe yenye silika ndilo linaloharibu mapafu ya wachimbaji, na halichagui kati ya mgodi na meza ya nyumbani.

Anayedhani kuweka kitu kisicho na umbo maalumu ndani ya fedha ni mtindo mpya ulioletwa na picha za simu, aende Lamu. Mafundi wa kisiwa hicho kwa muda mrefu wametengeneza pete kwa vigae vya kauri, vipande vya sahani na bakuli zilizovunjika, vingine vya vyombo vilivyovuka bahari kutoka Uchina na kwingineko enzi za majahazi. Pwani yote ya Waswahili ilizipenda bakuli hizo. Zilipangwa kwenye vidaka vya majumba ya mawe na kujengewa kwenye makaburi. Chombo kikivunjika, kigae chake chenye ua la buluu hupewa ukuta wa fedha na kurudi kidoleni. Kila kigae kina kingo zake, kwa hiyo kila pete ina umbo lake. Kazi ya mikono ni ile ile atakayoifanya mtu mwenye ganeti ghafi: kulizungushia umbo ambalo halijirudii utepe wa fedha, na kuubonyeza mpaka ushike.

Fedha nayo ina historia yake huku kwetu. Katika karne ya 19, sarafu iliyotamba kuanzia Zanzibar na Oman hadi Uhabeshi ilikuwa reale yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, iliyoandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki, na ambayo iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo miaka mingi baada ya kifo chake. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu tano kati ya sita zilikuwa fedha halisi. Masonara waliiyeyusha. Vikuku na mafurungu mengi ya zamani yalianza maisha yake yakiwa pesa mfukoni mwa mtu. Kwa Waislamu wa pwani pete ya fedha ina uzito mwingine pia, kwa kuwa mwanamume hapambwi kwa dhahabu, na hadithi zinasimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alivaa pete ya fedha yenye kito cha Uhabeshi. Hiyo ndiyo sababu utamkuta mzee ambaye hajali mapambo hata kidogo lakini haivui pete yake ya akiki.

Fedha safi ni laini mno kwa pete ya kila siku. Inayotumika zaidi ni ile inayogongwa alama 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, zinazobaki zikiwa kwa kawaida shaba. Hununuliwa ikiwa bamba, waya au chembe za kuyeyushwa. Ujihadhari na kinachoitwa fedha ya Kijerumani: hiyo ni shaba, nikeli na zinki, haina fedha hata chembe, na nikeli huwasha ngozi za watu wengi. Sumaku haitakusaidia kuigundua, maana kwa kawaida haivuti yoyote kati ya hizo mbili. Nunua kwa sonara anayekubali kuijaribu mbele yako.

Vifaa vya kuanzia havitishi. Msumeno wa sonara wenye utepe mwembamba, tupa mbili au tatu, koleo lenye midomo laini isiyo na meno, kibano, nyundo ya mti au ya ngozi, chuma chenye umbo la pia cha kuviringishia pete, kichomeo cha gesi, tofali la moto, misasa ya namba tofauti. Fundi aliyenionyesha kazi hii, mzee wa Tanga anayetumia fuawe aliyorithi kwa baba yake, anashikilia kwamba kifaa cha thamani kuliko vyote ni mwanga wa pembeni, na baada ya kumwona akikagua kiungo kwa kukielekeza dirishani nakubaliana naye.

Hesabu ya pete ni fupi. Chukua kipenyo cha ndani cha kidole, ongeza unene wa bamba, zidisha kwa 22 gawanya kwa 7. Kidole cha milimita 18 na bamba la milimita 1.5 hukupa 19.5, na ukizidisha unapata milimita 61 na kidogo. Utepe wa urefu huo wenye upana wa milimita 4 una uzito usiofika gramu nne. Wengi hukosea kwa kusahau kuongeza unene, na pete hutoka ndogo.

Kabla ya kukunja, bamba lilainishwe. Fedha iliyopigwa au kukunjwa sana hukakamaa na mwishowe hupasuka, na dawa yake ni moto: ipashe hadi iwe na wekundu hafifu, izime majini, nayo inarudi kuwa tiifu. Wekundu huo hauonekani juani. Ndiyo maana kazi ya moto hufanyiwa kivulini hata kama kazi ya tupa inataka mwanga mwingi. Ncha mbili za utepe zisuguliwe hadi zikikutana usione mwanga katikati. Hapa usiwe na haraka. Lehemu ya fedha haijazi pengo. Huingia mahali pembamba tu, na kiungo kilicho wazi kitaonekana kuwa kimeziba siku ya kwanza, kisha kitaachia siku utakayoigonga pete iwe duara.

Sasa moto. Kiungo kinapakwa tinkali iliyolainishwa kwa maji, ili hewa isiichafue fedha inapopata joto, na kipande cha lehemu kisichozidi punje ya mtama kinawekwa juu yake. Kichomeo kinazungushwa bila kusimama mahali pamoja, kwa kuwa hakuna metali inayosambaza joto haraka kuliko fedha. Ukikipasha kiungo peke yake, joto lote linakimbilia upande wa pili. Kwanza tinkali inafanya povu jeupe na kukihamisha kipande cha lehemu. Kirudishe kwa kibano. Povu linatulia, linageuka utando angavu. Fedha inafifia, kisha inaanza kuiva.

"Mwanangu, moto usiutazame," mzee aliniambia hapo. "Tazama fedha."

Lehemu ilijikunja ikawa tone, ikakaa hivyo kwa muda ulioonekana mrefu, halafu ghafla ikazama, na mstari mweupe unaong'aa ukapita kutoka ukingo mmoja wa pete hadi mwingine. Moto uliondolewa papo hapo. Fedha ya 925 huanza kulainika na kuyeyuka kwenye nyuzi joto 800 hivi, na lehemu ngumu huyeyuka kwenye takriban 745. Nafasi iliyopo kati ya kiungo kizuri na pete iliyogeuka kidonge ni hiyo tu. Lehemu nayo hufuata penye joto zaidi. Ukitaka iende kulia, pasha kulia. Nadhani hakuna kanuni nyingine katika usonara inayofaa mara nyingi kiasi hicho, na wanafunzi wengi huijua kwa midomo muda mrefu kabla ya mikono yao kuijua.

Baada ya moto fedha huwa nyeusi kwa kutu ya shaba iliyomo ndani yake. Masonara wengi huisafisha kwa tindikali ya salfa iliyozimuliwa, lakini nyumbani inatosha asidi ya sitriki, ile inayouzwa kama ndimu ya unga, ikiyeyushwa kwenye maji ya moto. Pete itoke ikiwa nyeupe isiyong'aa. Usiingize kibano cha chuma humo, tumia cha shaba au cha mti, la sivyo pete itatoka na rangi ya waridi kwa shaba iliyoganda juu yake.

Kikalio cha jiwe ndiyo sehemu inayonipendeza kuliko zote. Kwa mawe yaliyokatwa kuna vikalio vya dukani, na kwa jiwe ghafi kuna utepe mwembamba wa fedha safi, unene wa milimita 0.3 hivi, ambao unautembeza kwenye kiuno cha jiwe kwa vidole. Unaingia kila bonde na kutoka kila pembe. Kwanza fanya hivyo kwa kipande cha karatasi, ukikate, ukinyooshe, upime urefu wake. Utepe ukishaungwa kwa lehemu ngumu, jiwe linajaribiwa ndani: liingie kwa uzito wake lenyewe, bila kusukumwa, na bila kucheza. Likikwama usilisukume kwa nguvu, tafuta pembe iliyokwama na uisukume fedha kidogo kwa nje. Kisha ukuta unaungwa juu ya bamba dogo kwa lehemu ya wastani, bamba la ziada linakatwa kwa msumeno, na chini yake linatobolewa tundu. Tundu hilo lina kazi mbili. Linaingiza mwanga kwa nyuma, na jiwe ghafi lenye ukungu linauhitaji mwanga huo kuliko jiwe safi. Pia linakuwezesha kulisukuma jiwe litoke pale linaponasa wakati wa majaribio, na hakika litanasa.

Mwisho kikalio kinakaa juu ya pete kwa lehemu laini, ile inayoyeyuka kwenye nyuzi 700 hivi. Ndiyo maana lehemu zipo za daraja tofauti: kila kiungo kipya kinatumia joto dogo kuliko kilichotangulia, ili cha zamani kisifunguke. Kiungo cha pete kielekezwe juu, chini ya kikalio, kifichwe huko. Sehemu ya pete inayopokea kikalio isuguliwe iwe bapa kwanza. Vitu viwili vya mviringo hugusana mahali padogo mno.

Jiwe linaingia baada ya moto wote kumalizika, baada ya kusafisha, na baada ya kupiga msasa karibu wote. Hili halina mjadala. Mawe mengi hupasuka au kubadilika rangi yakipata joto la lehemu. Tanzanite nyingi za buluu zenyewe zilipata rangi hiyo kwa kupashwa moto makusudi, mamia kadhaa ya nyuzi joto, zikitoka mgodini zikiwa za kahawia. Kwa jiwe ghafi, kimo cha ukuta hakilingani pande zote. Pale jiwe linapoinama, ukuta upunguzwe kwa tupa. Pale linaponyanyuka, uachwe mrefu. Ukibaki mrefu mno utameza jiwe na kukunjamana, ukiwa mfupi hautafika kwenye tumbo.

Kubonyeza kunaanzia pande nne zinazotazamana: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Kisha katikati ya hizo. Anayeanza upande mmoja na kuzunguka hadi amalize hukuta fedha yote imesukumwa mbele yake na kufanya mkunjo mwishoni. Chuma cha kubonyezea kiwe na uso laini, na kielekezwe chini na ndani kwa pamoja, kwa nguvu ya bega badala ya vidole. Kwenye pembe kali za jiwe bonyeza kwa huruma, maana hapo ndipo jiwe huchunika. Fedha safi husikia. Unaihisi ikilala juu ya jiwe, na sauti ya chuma hubadilika pale ambapo hakuna tena nafasi chini yake.

Watakaotaka njia nyingine kabisa, pwani ina zawadi yake. Dome, yule jamaa wa ngisi, ana mfupa mweupe mwepesi ambao bahari huutupa ufukweni na wafugaji wa ndege huununua. Mfupa huo unastahimili fedha iliyoyeyuka. Unapasuliwa katikati, pande zote zinasuguliwa ziwe bapa, pete ya mfano inakandamizwa katikati yake, unachongwa mfereji wa kumiminia na vijia vya kutolea hewa, vipande vinafungwa waya, na fedha inamiminwa. Mfupa unafaa mara moja tu, kisha umeungua. Pete hutoka ikiwa na mistari myembamba ya matabaka ya mfupa, na mistari hiyo hukaa vizuri mno karibu na jiwe ambalo halijachongwa. Ila fedha iliyoyeyuka imwagwe na mtu aliyekwisha kuonyeshwa ana kwa ana. Mfupa wenye unyevu hurusha fedha hiyo usoni mwa aliyeinama.

Hatari nyingine ni za kimya zaidi. Lehemu ya fundi redio, yenye risasi, isikaribie kabisa meza ya fedha. Chembe ya risasi ikibaki juu ya pete na pete ikapashwa moto, itakula fedha na kuacha mashimo. Baadhi ya lehemu za fedha za zamani au za bei rahisi zina kadimiamu, na moshi wake ni sumu. Uliza, na asiyejua anachokuuzia usinunue kwake. Dirisha liwe wazi. Mikono mipana ya kanzu, mitandio na nywele ndefu zifungwe kabla ya kuwasha. Tindikali imiminwe ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya tindikali.

Ninaandika haya yote nikiwa na jambo linaloniuma. Tanzanite ilipatikana Mererani mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ya Marekani ikaipa jina na kuitangaza mwaka uliofuata. Jumanne Ngoma alisubiri hadi 2018 kutambuliwa na Rais John Magufuli kuwa ndiye aliyeigundua, akapewa shilingi milioni 100, na akafariki mapema mwaka uliofuata. Mwaka 2010 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje tanzanite ghafi inayozidi gramu 1, na Aprili 2018 ukazinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo. Hatua hizo zina maana yake. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kukatwa kwa tanzanite imefanyika Jaipur, India, kwa sababu huko kuna mikono maelfu kwa maelfu iliyorithishana kazi. Ukuta huzuia jiwe kutoka. Ustadi wa mikono ni jambo jingine. Kituo cha Jemolojia Tanzania, kilichopo Arusha, kinafundisha kutambua, kukata na kung'arisha vito, na kila anayetoka pale akijua kazi ana thamani kubwa kwa nchi hii. Bado, mashine ya kukatia vito ni ghali, na si kila kijana wa Mahenge au Tunduru atafika Arusha. Kichomeo cha gesi, tupa na gramu sita za fedha vinaweza kumfuata alipo.

Kijana huyo ajue pia sheria inavyomtazama. Sheria ya Madini ya 2010 inataka anayefanya biashara ya vito awe na leseni, na tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani. Nunua kwa mwenye leseni, dai risiti, na uihifadhi hata kama jiwe ni la thamani ndogo, kwani siku ya kuvuka mpaka na pete zako utaulizwa mawe yalitoka wapi. Jiwe la kuokota shambani au kununuliwa gizani linaweza kumpotezea mtu kazi yake yote.

Pete ikishakamilika, usiiuze. Ivae mwenyewe mwezi mzima, ukifua nayo, ukipika nayo, ukilala nayo. Kila wiki iweke karibu na sikio na uigonge kwa ukucha. Jiwe lililolegea hulia. Likilia, tafuta pembe yenye nafasi, rudisha chuma cha kubonyezea hapo, kisha usikilize tena. Ukuta ukianza kunasa nyuzi za sweta au chandarua, kuna sehemu haijalala, na msasa mwembamba utaimaliza. Weusi utakaojitokeza kwenye mabonde usiuondoe wote, kwa sababu unaonyesha umbo la jiwe vizuri zaidi kuliko fedha iliyong'arishwa kote. Mwezi ukiisha bila jiwe kulia, chukua jiwe la pili, na safari hii chagua lenye pembe nyingi zaidi.